Korongo la Mai Mahiu na habari ya Afrika kupasuka

Masika yakikolea tu zile picha zinarudi kwenye magrupu, korongo la Mai Mahiu kule Kenya, barabara ya kwenda Narok imekatika, na juu yake mtu kaandika AFRIKA INAGAWANYIKA. Picha ni za kweli kabisa, ni za Machi 2018. Maelezo yake ndo yenye shida, na wanafunzi bado wanayauliza, kwa hiyo tuyaweke sawa.

Dhana: bara lilipasuka siku ile.

Hapana, kilichofanya kazi pale ni maji. Eneo lile liko karibu na Longonot na Suswa, zote volkano, na udongo wa juu kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano yaliyorundikana miaka na miaka, labda mengine yamejaa kwenye nyufa za zamani huko chini. Majivu hayashikani kama udongo wa mfinyanzi. Maji ya mvua yakipata upenyo yanachimba njia yao chini kwa chini na juu huoni kitu, nyasi zipo, ng'ombe wanapita, mpaka mvua kubwa ipige na paa la ile njia lidondoke, hapo ndo watu wanaamka wanakuta korongo la kina cha kama mita 15 na wanasema jana halikuwepo. Jaribuni nyumbani: toboa kopo chini, jaza majivu ya jiko, shindilia kidogo, mwagia maji taratibu upande mmoja. Majivu yataanza kutoka na maji pale tunduni huku juu kumetulia tuli, halafu ghafla panatitia. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake hasahau.

Sasa wengine wakisikia "ni mvua" wanaruka upande wa pili, wanasema basi habari ya bara kugawanyika ni uongo. Sio uongo jamani! Pande mbili za Bonde la Ufa zinaachana kweli, vipimo vya GPS, vile vya setilaiti, vinaonyesha, ila ni milimita chache kwa mwaka, kule Ethiopia kama 6 hadi 7 na ukishuka kusini zinapungua. Yani mtoto aanze darasa la kwanza mpaka amalize kidato cha nne, pande hizo hazijaachana hata sentimita 10. Bahari kuingia katikati ni habari ya mamilioni ya miaka.

Ila mwendo huo sio wa kila siku sawasawa, na hapa ndo mimi huwa nasisimka kila nikifundisha. Ardhi inavutwa kimyakimya miaka mingi halafu inaachia mara moja. Septemba 2005 kule Afar, Ethiopia, miamba iliyoyeyuka ilijipenyeza chini ya ardhi, ufa ukafunguka urefu wa kama kilomita 60 na sehemu nyingine pande zikaachana hadi mita 8, kwa siku chache tu. Ule ndo ulikuwa mpasuko wenyewe.

Dhana: chini yetu kuna bahari ya moto.

Chini ya ganda la dunia kuna mwamba mgumu, wa moto sana lakini mgumu, unaosogea polepole mno. Unayeyuka sehemu chache tu, mfano pale ganda linapovutwa likawa jembamba na mgandamizo ukapungua. Na kinachotoka sio lazima kiwe chekundu, Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, inatoa lava (mwamba ulioyeyuka ukatoka juu) nyeusi kama oili chafu, joto lake nyuzi 500 hadi 600 hivi wakati lava nyingi zinapita 1,000, ikikaa hewani inageuka nyeupe.

Dhana: mlima usiotoa moshi umekufa.

Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, kimelala tu. Ndani ya kreta yake, lile shimo la juu kileleni, bado kuna matundu yanayopumua hewa ya kiberiti.

Dhana: tetemeko linatabirika, mbona meseji inayosambaa imetaja mpaka saa.

Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko, hata lile la Bukoba, Tanzania, la 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, hakuna aliyelitaja kabla. Wanasayansi wanajua maeneo yenye hatari, basi, na kinachoua watu wengi ni kuta na mapaa yanayoanguka. Meseji ikitaja saa ifute hapohapo, usimtumie bibi kijijini akaja kulala nje na wajukuu kwenye baridi.