Mlango wa Kizazi Ukifunguka Mapema: Usingoje Uchungu

Mlango wa kizazi kulegea ni nini?
Ni mlango kufupika na kufunguka mimba ikiwa bado changa, mara nyingi kati ya wiki ya 16 na ya 24, bila uchungu wa kuzaa.

Lakini siumwi. Si nisubiri tarehe ya kliniki?
Hapana. Ugonjwa huu hauna kelele. Akina mama wa huku Ahero na Muhoroni hutuambia yale yale: "Sista, ni uzito tu huku chini." Uzito, kiuno kuuma kidogo, ute kuongezeka au kuwa na rangi ya damu. Uzito umeanza Jumatatu, mama anakuja Alhamisi, na kifuko cha maji tayari kinaonekana ukeni.

Na kama ni usiku?
Nenda usiku. Mume akiwa safarini, mwamshe jirani.

Mama mkwe anataka nikandwe tumbo kwanza.
Hapana tena! Nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, namheshimu, lakini hakuna mkono wala mitishamba inayofunga mlango huo. Kulala kitandani tu pia hakuufungi. (Wala hukujiletea kwa kubeba maji, mwambie na huyo mume.)

Hospitalini nitafanyiwa nini?
Zahanati haina chumba cha upasuaji, kwa hiyo omba rufaa mara moja. Kisumu ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile wengi bado tunaiita Russia. Utapimwa. Kama huna uchungu, damu haitoki, hakuna maambukizi na maji hayajapasuka, unachomwa sindano ya ganzi mgongoni, kifuko kinarudishwa taratibu, kisha uzi imara unazungushwa kwenye mlango na kukazwa kama mdomo wa gunia.

Ni lazima ifaulu?
La. Kifuko chaweza kupasuka hata wakati wa kushonwa. Ila wengi huongeza wiki ambazo mtoto anazihitaji sana. Maji yakishamwagika, au homa ikianza, hatushoni. Kwa hiyo: usingoje uchungu!

Uzi hutolewa lini?
Wiki ya 36 au 37. Uchungu ukikushika kabla ya hapo, sema ukifika tu hospitalini, "Nimeshonwa," kwa sababu mlango wa kizazi waweza kuchanika.

Na mimba ijayo?
Njoo kabla ya wiki ya 12 utueleze yaliyotokea. Mara nyingi uzi huwekwa mapema, wiki ya 12 hadi 14, mlango ukiwa bado umefungwa. Tafadhali usije mimba ikiwa ya miezi mitano eti uliogopa majirani wasijue una mimba.