Baada ya dhoruba, usikimbilie kuchimba kiota cha kasa

Upepo ukishatulia, simu huanza kulia alfajiri. Mtu yuko Kimbiji au Buyuni, kakuta mayai meupe yametapakaa mchangani, makubwa kidogo kuliko mipira ya tenisi ya mezani, anauliza ayafanyeje. Jibu langu la kwanza halibadiliki: usiyageuze.

Kuku anayeatamia huyageuza mayai yake kila siku, na sisi tuliokulia na kuku tunadhani yai ni yai. La kasa si hivyo. Saa chache tu baada ya kutagwa, kiinitete hujishika upande wa juu wa ganda. Ukiligeuza yai katika wiki hizo za mwanzo, unakiua, na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Nimewaona vijana wenye nia njema wakiyaokota mayai harakaharaka ndani ya ndoo, wakayazika vizuri kabisa, na hakuna hata moja lililoanguliwa.

Yai lililofukuliwa na mawimbi litiwe alama ya penseli upande wa juu pale pale lilipo, lifunikwe kwa mchanga wenye unyevu lisipigwe jua, kisha mpigie ofisa uvuvi au kikundi cha uhifadhi cha kijiji. Kuhamisha ni kazi ya mtu aliyefundishwa na mwenye idhini, maana kasa na mayai yake wanalindwa na sheria za uvuvi. Kiota kipya huchimbwa kwa kina kile kile cha zamani, juu ya mstari wa mwani na takataka ulioachwa na bamvua.

Kiota kilichofunikwa na maji lakini hakikufukuliwa ndicho kinachowatia watu wasiwasi zaidi. Wanataka kuchimba waone kama mayai yapo hai. Tafadhali msichimbe. Mayai hupumua kupitia ganda, na mchanga uliojaa maji hauna hewa; maji yakituama, mayai yanakosa pumzi. Lakini wimbi lililopita na kurudi baharini mara nyingi halimalizi kiota. Kuchimba ndiko kunakoweza kukimaliza.

Tatizo jingine ni kwamba dhoruba hung'oa vijiti vya alama. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 2024, kilitukumbusha kwamba alama iliyochomekwa juu ya kiota si kitu cha kutegemea. Pima kwa kamba umbali kutoka kwenye miti miwili, mvinje au mnazi, uandike daftarini. Mti mmoja hautoshi. Na ule mlakasa unaotambaa mchangani (wazee hawakuupa jina hilo bure) usiung'oe wakati wa kusafisha. Mizizi yake hushika mchanga usizidi kumegwa.

Usafi wenyewe unahitajika, kwa sababu nyavu chakavu na magogo humzuia kasa jike kupanda kutaga na huwanasa watoto wanaoshuka. Okoteni kwa mikono. Trekta na reki ndefu zibaki nyumbani. Wala msitandaze makuti au turubai juu ya kiota kukikinga: joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia, takriban nyuzi 29 wakitoka madume na majike kwa pamoja, zaidi ya hapo majike wakizidi.

Usiku watoto wanapotoka, hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao zamani ulikuwa bahari. Siku hizi kuna taa za hoteli na baa. Ukiwa na nyumba ufukweni Kigamboni, zima taa zinazoelekea mchangani, na usiwabebe hadi majini. Waache watembee wenyewe.

Kwa kawaida mayai huanguliwa kati ya siku 50 na 60. Zikifika 70 bila dalili, njoo na daftari lako. Hapo tutachimba pamoja na kuhesabu maganda.