Kirusi Nchini Poland: Mahali Kinaposaidia na Mahali Kinapokwama

Kila unapokaribia mwezi wa Oktoba, vyuo vikuu vya Poland vinapofungua mwaka wa masomo, ofisi yetu huulizwa swali lilelile: je, mtu aliyejifunza Kirusi, pengine kwa mzazi aliyesomea Moscow enzi za Umoja wa Kisovieti, anaweza kukitegemea akifika Warsaw?

Kirusi kilikuwa somo la lazima katika shule za Poland hadi utawala wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1989, hivyo wengi waliosoma kabla ya hapo wanakielewa. Hata hivyo, walikisoma kwa kulazimishwa, na mgeni anayemwamkia mzee kwa Kirusi asishangae akijibiwa kwa mkato. Vijana hujifunza Kiingereza, na wengi huongeza Kijerumani. Tangu 2022 Kirusi husikika zaidi mitaani, kwa kuwa baadhi ya wakimbizi kutoka Ukraine hukizungumza.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kirusi na Kipolandi ni ndugu, kwa hiyo mwenye moja anayo na ya pili. Undugu upo, na anayejua Kirusi hushika sarufi ya Kipolandi mapema. Lakini zapomnieć kwa Mpoland ni kusahau, ilhali zapomnit kwa Mrusi ni kutia akilini. Tungependa tusilazimike kulirudia hili kila mwaka.

Katika ofisi za serikali mambo ni tofauti kabisa. Cheti kilichoandikwa kwa lugha ya kigeni kinachoambatishwa na ombi la kibali cha ukaazi, kiwe cha Kirusi, Kiingereza au Kiswahili, hutafsiriwa kwa Kipolandi na mtafsiri aliyeapishwa, ambaye jina lake limo katika orodha ya Waziri wa Sheria, naye hutia saini, muhuri na namba ya tafsiri hiyo katika daftari lake. Malipo huhesabiwa kwa ukurasa wa herufi 1,125, nafasi tupu zikiwemo, wala si kwa karatasi uliyoileta. Tafsiri uliyoiandika mwenyewe haipokelewi, hata iwe sahihi kiasi gani. Ombi lenye upungufu hupewa muda wa kurekebishwa, usiopungua siku 7. Muda huo ukipita, linaachwa bila kushughulikiwa.

Mkataba wa kazi nao, kwa sheria ya lugha ya 1999, huandikwa kwa Kipolandi. Mfanyakazi asiye raia anaweza kuomba uandikwe kwa lugha anayoijua, baada ya kuelezwa haki yake ya kupata ule wa Kipolandi. Ombi hilo ni la mfanyakazi. Mwajiri hana ruhusa ya kumwamulia.