Saa zilizolegea za Dalí: tunayodhani na yaliyomo mchoroni

Nikiwaonyesha vijana wa hapa Bagamoyo picha ya "Kudumu kwa Kumbukumbu", mchoro wa Salvador Dalí wa mwaka 1931, majibu huwa yale yale.

"Anaeleza nadharia ya Einstein kuhusu wakati." Dalí mwenyewe alikana. Kwa maelezo yake, jioni moja kichwa kinamuuma, mpenzi wake Gala ametoka na marafiki kwenda sinema, yeye kabaki mezani akitazama jibini la Camembert linavyolainika. Mandhari alikwisha kuichora. Saa zikaja baadaye.

"Saa zote zimeyeyuka." Hesabu vizuri. Tatu zimelegea, moja inaning'inia tawini kama nguo iliyoanikwa. Ya nne, ya rangi ya chungwa, ni ngumu, imefunikwa kifudifudi, na sisimizi wameisonga kama wanavyosonga kipande cha embe. Kwa Dalí sisimizi ni dalili ya kuoza. Aliandika kwamba utotoni alimkuta popo wake akiliwa nao. Hapo ndipo mimi naiona hofu ya mchoro huu: saa iliyobaki imara ndiyo inayoliwa.

"Ni ndoto tu, hakuna mahali kama hapo." Majabali yanayoonekana mchoroni ni ya Cap de Creus, Katalunya, nchini Hispania, pwani aliyoijua tangu mdogo. Sisi tungeota mikoko na mashua zimelala ubavu maji yakipwa. Na ule upweke unaotugusa hautokani na uso unaolia, maana hakuna anayelia. Unatoka kwenye ufuo mtupu na mwanga wa jioni.

"Kila alama ina maana yake moja." Hili ndilo linalonisumbua zaidi, na jibu tunalo mdomoni kila siku. Bwaga moyo, maneno yanayosemwa kuwa ndiyo yaliyozaa jina la Bagamoyo: wapo wanaosema ni pumziko la mpagazi aliyefika pwani baada ya safari ndefu, wapo wanaosikia kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake huku bara. Jina moja, faraja na uchungu. Saa iliyolegea nayo inaweza kuwa raha ya aliyesahau muda, au huzuni ya anayeona umri unamponyoka.

"Lazima ni mkubwa kama ukuta." Ni sentimita 24 kwa 33 tu, uko New York, kwenye jumba la makumbusho la MoMA, tangu 1934. Nilikata karatasi ya kipimo hicho nikaiweka mezani. Vijana wakanyamaza, kisha mmoja mmoja wakainama kuisogelea.