Jodari, kikaango na sumu isiyokufa

"Akikaangwa mpaka akauke, hiyo sumu itabaki wapi?" Wiki hii pekee nimeulizwa mara tatu hapa maabara, Malindi. Wa mwisho alikuwa kijana aliyekula jodari mchana. Uso ulikuwa ukimwaka na kichwa kikimgonga.

Sumu hiyo ni histamini, nayo itabaki humohumo kwenye nyama. Jodari, nguru na vibua wana histidini nyingi, asidi amino ya kawaida mwilini mwao. Samaki akishinda juani bila barafu, bakteria huigeuza kuwa histamini. Moto huua bakteria, lakini histamini ni kemikali, haina roho ya kutolewa. Kaanga, banika, paka nazi, kamulia ndimu: iliyokwisha kuumbwa haitoki. Mama karanga mmoja, mkaanga samaki, alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na nikitumia mafuta mapya?" Hapana, mama. Hata friza haiiondoi. Tena vimeng'enya, yaani protini zinazogeuza kemikali, vilivyoachwa na bakteria vinaweza kuendelea na kazi barafu ikiyeyuka, kwa hiyo usimwache samaki mezani nusu siku. Dawa ni barafu chomboni, samaki akitoka majini tu: kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Nimelisema hili mpaka wavuvi wananiita Barafu.

"Hanuki, basi ni mzima." Jodari anaweza kujaa histamini na pua isijue. Zinazonuka ni jamaa za histamini, putresini na kadaverini; zote huitwa amini. Tunazipima pamoja na histamini kwa sababu huzuia vimeng'enya vya utumbo vinavyovunja histamini, na madhara yakazidi.

"Mashine ya maabara itajua yenyewe." Itajua nini, bwana, ikiwa sampuli imekuja kwa bodaboda saa saba mchana ndani ya mfuko wa plastiki? Hapo napima safari. Hizo amini hazina rangi, na elektrodi, kitambuzi cha umeme cha mashine, haizioni vizuri mpaka tuzikamue kwa asidi na kuziunganisha na kemikali inayopoteza elektroni kwa urahisi; ndipo safu ya kromatografia, bomba la kuchujia kemikali, izitenganishe, moja baada ya nyingine. Kazi yote hiyo kwa minofu iliyoiva juani! Wala kipande kimoja hakitoshi, maana histamini haijatawanyika sawasawa. Umoja wa Ulaya hutaka sampuli 9 kwa shehena: wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, zisizozidi 2 ziwe kati ya 100 na 200, na hata moja isipite 200.

"Nina mzio wa samaki." Huenda. Lakini kama umekula nguru miaka yote salama, ukawashwa siku moja pamoja na wenzako wa sahani moja, mshuku samaki yule kwanza. Pumzi zikibana, nenda hospitali, maabara itasubiri.