Je, wajua kwa nini springi ngumu inaweza kuliachisha tairi barabara?

Kwa mafundi wengi, gari lisilolala kwenye kona ndilo "linaloshika barabara". Ndiyo maana anayetaka kufunga koilova, yaani shokapu na springi zinazorekebishika, huulizia kwanza ugumu. Kwenye lami laini isiyo na kiraka ana hoja. Kwenye rasta (vituta vidogo vilivyofuatana) za njia ya Morogoro, au mitaa ya vumbi ya Nkuhungu hapa Dodoma, mambo hugeuka.

Kinachoshika barabara ni tairi, si bodi, na tairi hushika kwa kadiri linavyokandamizwa chini. Bodi kulala kwenye kona ni suala jingine, lenye kifaa chake: stabilaiza, yaani chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia wa gari. Dereva akiona gari limetulia wima huamini tairi nazo zimetulia. Anayehisi utulivu huo ni kiti chake tu.

Ugumu wa springi hupimwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya 8 inahitaji kilo 8 ibonyee milimita 1. Sasa fikiria mizani mbili za kuning'iniza pale soko la Majengo, moja ya springi laini, nyingine ngumu, kila moja ina mfuko wa karanga wa kilo 20. Zote zinasoma 20. Weka kiganja chini ya mfuko, unyanyue kiasi cha upana wa kidole. Ile ngumu inarudi sifuri papo hapo, kwa sababu springi yake ilikuwa imevutika kidogo tu. Ile laini bado inasoma kilo kadhaa.

Tairi likitumbukia shimoni, hicho ndicho kinachotokea, ila kwa kubonyea badala ya kuvutika. Tuseme springi moja ya mbele ya gari dogo inabeba kilo 300. Springi ya 2 imebonyea milimita 150, ya 8 imebonyea 37 na nusu. Tairi lishuke ghafla sentimita 3: springi laini inapoteza kilo 60, inabaki ikisukuma kwa 240. Ngumu inapoteza 240, inabaki na 60. Namba zilezile, zimebadilishana viti! Shimo likifika sentimita 4, springi ngumu haina tena cha kusukumia.

Hesabu hii ni ya gari ambalo springi yake hutembea karibu sawa na tairi, na imeacha kando shokapu na uzito wa tairi lenyewe. Kwa hiyo isichukuliwe kama kipimo cha gari lako. Mwelekeo wake, hata hivyo, haubadiliki.

Kile cha kuzungusha juu ya shokapu, kinacholia klik klik, hakigusi ugumu wa springi. Hurekebisha kasi ya shokapu kubonyea na kurefuka, na kwenye koilova nyingi za bei nafuu, hasa kurefuka. Ukikikaza mno, tairi halijarudi chini rasta inayofuata imeshafika, na gari hujishusha kidogo kidogo. Nayo ringi ya chini ya springi, ambayo watu huikaza wakitaka ugumu, hunyanyua gari tu. Springi ambayo mizunguko yake imeachana sawasawa inabaki na kilo zake zilezile kwa milimita.

Kwa matumizi ya mjini, kama springi ya kiwandani ni ya 2, ya 3 inatosha kuonyesha tofauti. Laini kupita kiasi nayo ina adhabu yake: pakia watu watano na kreti za zabibu kutoka Hombolo, uone shokapu inavyobonyea hadi kugonga raba ya mwisho kwenye kila tuta.

Klik anzia katikati, uzunguke njia moja unayoijua. Gari likiendelea kunesanesa baada ya tuta, kaza moja. Likitetema na kuhama upande kwenye rasta, legeza.