Kadi imelala, gemu linagandaganda

Minada ya korosho ikishaanza, kibanda changu hapa Chikongola hujaa laptopu ambazo wenyewe bado hawajazizoea. Hela imeingia, mashine ya mtumba imeshuka na basi kutoka Kariakoo, na kijana anachotaka ni gemu tu. Wa juzi alitoka Tandahimba na ThinkPad P50, nzito kama tofali, akaitua mezani hata pumzi hajaivuta.

"Shikamoo fundi. Hii Linux aliyoniwekea binamu yangu inaua magemu. Nitolee, niwekee Windows."

Marahaba. Nikamwambia kabla hatujatoa kitu, afungue gemu lenyewe nilione. Akafungua SuperTuxKart, gemu huria la mbio za magari, si zito hata kidogo. Gari likawa linaruka kama mkanda wa video uliokwaruzwa, fremu 20 na ushei kwa sekunde. Lakini kilichonishtua hakikuwa kioo, ilikuwa feni: kimya. Mashine yenye kadi ya NVIDIA Quadro M1000M, inacheza gemu, katika joto la Novemba la Mtwara, halafu feni kimya? Haiwezekani. Kadi ilikuwa imelala fofofo, na kazi yote alibebeshwa mdogo wake, Intel HD Graphics 530, anayekaa ndani ya prosesa.

Kesi hii huja kibandani mara nyingi, na karibu kila mara Linux ndiyo inayosingiziwa.

Laptopu za namna hii zina kadi mbili za grafiki. Ile ndogo ya ndani ya prosesa haili umeme mwingi, na ndiyo iliyounganishwa na kioo. Ile kubwa ina kumbukumbu yake yenyewe na nguvu zake, ila mara nyingi haina hata waya wa kwenda kwenye kioo. Ikichora picha, picha hiyo hunakiliwa kwanza kwa kadi ndogo, kisha ndogo ndiyo huionyesha. NVIDIA waliuita mpangilio huo Optimus walipoutoa mwaka 2010. Kwenye Windows, draiva (programu inayoiendesha kadi) ina orodha ya magemu inayoyajua na huamua yenyewe nani achore. Kwenye Linux, programu ikifunguliwa bila maelekezo hupewa kadi ndogo. Usiposema, hakuna atakayekusemea.

Kusema kwenyewe kuna historia ndefu, nami naigusa kwa sababu moja tu: maelekezo ya zamani bado yamezagaa mtandaoni na yanaharibu mashine za watu. Dave Airlie wa Red Hat alianza kazi ya PRIME, njia ya kadi mbili kugawana uchoraji, mwaka huohuo wa 2010. Mwaka 2011 ikaja Bumblebee, iliyokuwa inawasha seva ya pili ya picha iliyojificha na kunakili kila fremu kutoka huko. Ilisaidia wengi, ila toleo lake mojawapo lilikuwa na nafasi moja iliyozidi katika amri ya kufuta, na badala ya kufuta folda ndogo likafuta /usr nzima. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto kule Finland, Linus Torvalds aliulizwa kuhusu Optimus, akaigeukia kamera, akaitukana NVIDIA kwa kidole. NVIDIA wenyewe walileta njia iliyonyooka Agosti 2019, kwenye draiva ya 435. Kwa hiyo ukikuta ukurasa unakufundisha kuandika optirun, amri ya Bumblebee, funga. Huyo anakuelekeza njia ambayo daraja lake lilishavunjwa.

Turudi kwa kijana wa Tandahimba. Kitu cha kwanza nilichoandika kwenye teminali, dirisha la kuandikia amri:

lspci -k | grep -EA3 "VGA|3D"

Yakatoka majina mawili. Intel hujitambulisha kama VGA, na kwenye laptopu nyingi NVIDIA hujitambulisha kama 3D controller. Mara nyingi neno hilo la 3D lenyewe linakuonyesha kwamba hiyo kadi haina kioo chake. Chini ya kila jina kuna mstari wa draiva inayotumika. Kwa Intel ilikuwa i915, sawa. Kwa NVIDIA ilikuwa nouveau, na hapo tukapata nusu ya ugonjwa.

Nouveau ni draiva huria iliyoanzishwa na watu wa kujitolea bila msaada wa kiwanda, na mimi huiheshimu sana. Lakini kwa kadi za kizazi cha Maxwell kama hiyo M1000M, haipandishi yenyewe kasi ya saa ya kadi, kwa hiyo kadi hubaki na mwendo ule iliowashwa nao. Ni kama lori lililofungwa gia ya kwanza: litafika Masasi, lakini lini? Kadi za kizazi cha Turing na kuendelea, yaani GTX 16 na RTX, hali yake imebadilika. Kuanzia kerneli (kiini cha Linux) ya 6.7 nouveau inaweza kuzisimamia vizuri kupitia programu iliyomo ndani ya kadi zenyewe, na Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za grafiki, ina draiva ya Vulkan (lugha ambayo magemu huitumia kuiagiza kadi) iitwayo NVK. Laptopu zenye kadi hizo huku kwetu ni chache. Zinazonifikia ni Quadro za Maxwell, 940MX, MX150, na za zamani zaidi ya hapo.

Ndiyo maana umri wa kadi nauuliza kabla ya yote. Mei 2022 NVIDIA walifungua sehemu ya draiva yao inayokaa kwenye kerneli, na siku hizi utaona vifurushi vyenye mkia wa "-open". Jina linavutia, hasa kwa sisi wapenda huria. Ila hivyo ni vya Turing na kuendelea. Ukimwekea Maxwell, draiva haitaikubali kadi kabisa. Kwa Maxwell na kizazi kilichofuata, Pascal, tawi la draiva la 580 ndilo la mwisho. Kwa kizazi cha Kepler, kadi za miaka ya 2012 hadi 2014 hivi, mwisho ni 470, nayo inaishia Vulkan 1.2. DXVK, kile kitafsiri kinachobadilisha DirectX ya magemu ya Windows kuwa Vulkan, kinadai 1.3 tangu toleo lake la 2.0. Mwenye Kepler abaki na DXVK 1.10.3 na asijipe presha.

Kwenye Ubuntu huhitaji kukariri hayo yote. Amri ya ubuntu-drivers devices hukuonyesha kadi yako na draiva inayopendekezwa, na sudo ubuntu-drivers install huiweka. Jiandae na bando, ni megabaiti mia kadhaa. Mimi hupakua usiku.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ikiwa mashine ina Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva zisizo na saini inayotambulika, wakati wa kuweka draiva utaombwa utunge neno la siri. Ukiwasha upya, kinatokea kioo cha bluu chenye menyu ya MOK (ufunguo wa saini hiyo), na inabidi uchague Enroll MOK kisha uandike lile neno. Kioo hicho hakikusubiri milele. Mtu ameenda kununua chai, au amebonyeza tu kuendelea kwa kuogopa rangi ya bluu, kisha mashine inawaka kama kawaida bila draiva kupakiwa, na hakuna anayemwambia kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kuipoteza jioni nzima hivyo, nikaweka draiva mara tatu, kila mara nikiinuka kwenda kumhudumia mteja mwingine kioo kinapokuja. Mara ya nne nilikaa nikaikodolea macho.

Draiva ikishakaa, prime-select query inapaswa kujibu on-demand. Maana yake kadi ndogo inaendesha kila kitu, kubwa inaitwa ikihitajika. Sasa tunaiita. Kwanza uliza nani anachora bila maelekezo, kwa glxinfo iliyomo kwenye kifurushi cha mesa-utils:

glxinfo -B | grep "OpenGL renderer"

Itajibu Intel. Kisha rudia ukitanguliza vigezo viwili:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B | grep "OpenGL renderer"

Safari hii jibu liwe na jina la Quadro. Ukiona llvmpipe, hakuna kadi inayochora hata moja, prosesa ndiyo inayojitwisha, na draiva ina hitilafu.

Nilimwachia kijana aandike mwenyewe, akisoma kutoka kwenye simu yangu. Jibu: Intel. Akarudia: Intel. Akaniangalia kama aliyemkamata tapeli. Nikasogea kioo. Mistari ya chini (_) ya mwanzo ni miwili, na kwenye simu huungana ikaonekana mmoja mrefu, naye akaandika mmoja. Linux haikulalamika, kwa sababu kigezo isichokijua inakiacha kipite. Hakuna kosa linaloandikwa popote. Ndiyo maana nasisitiza kupima kwa glxinfo kabla ya kufungua gemu: gemu litaganda tu, halitakwambia kwamba umekosea herufi.

Siku hizi kuna njia fupi, prime-run, inayobeba vigezo hivyo pamoja na kile cha Vulkan, ukaandika prime-run kisha jina la programu. Kwenye Steam, duka la magemu, unafungua sifa za gemu, na mahali pa amri za kuanzishia unaandika:

prime-run %command%

Usiisahau hiyo %command%, ndiyo nafasi ya gemu lenyewe. Lutris, programu ya kupanga na kufungulia magemu, ina chaguo la kadi kwenye mipangilio yake. Na kama hutaki teminali kabisa, kwenye GNOME (dawati la Ubuntu) bonyeza ikoni ya gemu kwa kitufe cha kulia, utaona Launch using Discrete Graphics Card, mradi kifurushi cha switcheroo-control kipo.

Waliochukua Steam ya Flatpak, njia ya kusambaza programu zikiwa zimefungwa na mahitaji yake, wana mtego wao peke yao. Flatpak haitumii draiva ya NVIDIA iliyomo kwenye mfumo, ina nakala yake, na nakala hiyo lazima ifanane namba kwa namba na ile ya mfumo. Ukisasisha mfumo ukaacha Flatpak kwa kubana bando, kesho yake gemu halifunguki. Endesha flatpak update, iishe.

Kwa wenye AMD maisha ni mepesi, draiva imo tayari na kigezo ni kimoja, DRI_PRIME=1, mbele ya amri yoyote. Kikwazo ninachokutana nacho ni kadi kongwe, kwa mfano Radeon HD 8750M inayopatikana kwenye baadhi ya HP EliteBook 840 G1. Kerneli nyingi huikabidhi kwa draiva ya zamani ya radeon isiyo na Vulkan, na magemu ya Windows yanakataa. Ongeza radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1 kwenye mstari wa kerneli ndani ya GRUB (programu inayoiwasha Linux), uisasishe, uwashe upya. Vulkan itakuwepo.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kwa nini nisiiweke kadi kubwa ifanye kazi zote, tuache kuhangaika? Inawezekana, prime-select nvidia inafanya hivyo, na P50 ina chaguo la namna hiyo kwenye BIOS. Mimi sishauri, na sababu zangu ni za Mtwara. Umeme ukikatika, mwenye kadi kubwa inayochora hata saa ya pembeni ya kioo ndiye wa kwanza kuzimikiwa. Joto la pwani nalo halipungui kwa sababu wewe unaandika barua, na chumvi ya hewa ya baharini inakula feni kuliko vumbi la Nachingwea. Kadi za Turing na kuendelea huweza kujizima kabisa zisipotumika. Za Maxwell haziwezi kwa draiva hii, hubaki zikinyonya betri kidogo kidogo. Kwa hiyo mtu anayekwenda shambani wiki nzima na hatacheza, namwandikia kwenye karatasi prime-select intel, awashe upya, kadi ikae kimya mpaka arudi.

Na chaja pia uitazame. P50 hutumia chaja ya wati 170, tofali la pili. Nyingi zinafika huku na chaja ndogo ya kuunga, na mashine isiposhiba umeme hujipunguzia kasi yenyewe hata vigezo vyako viwe sahihi vipi. Ya kijana ilikuwa hivyo. Nilimwazima ya kwangu kwa jaribio.

Akaongeza mstari wa pili wa chini, akafungua SuperTuxKart kwa prime-run. Dirisha la pembeni nikawasha nvidia-smi, amri ya kuichungulia kadi, jina la gemu likatokea kwenye orodha ya wanaotumia kadi. Fremu zikapita 60, na feni ikaanza kuunguruma hadi muuza ming'oko wa pale nje akachungulia.

"Fundi, mbona inapiga kelele? Imeharibika?"

Nikamwambia aendelee kucheza, mimi naifungua ya mwenzake aliyekuwa anasubiri.